Kidole Gumba cha Mtia Mipini

Kisu hakijaisha mpaka kidole gumba kiseme kimeisha. Ndivyo karakana ile ilivyoendeshwa baba yao akiwa hai, na ndivyo ilivyoendelea alipowaachia wanawe wawili. Mkubwa alichukua moto, nyundo na chuma; mdogo akachukua mbao. Mkubwa alifua mabapa na kuyanoa, mdogo akayavika mipini. Na kwa kuwa hakuna kisu kilichotoka mlangoni kabla mdogo hajafumba macho na kupitisha kidole chake pale chuma kinapokutana na mbao, watu wote walimwita Gumba. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kadi ya zahanati tu.

Wasioijua kazi hii hudhani kazi ni bapa, na mpini ni pambo. Waache wadhani. Kisu kizuri chenye mpini mbaya utakisifia siku mbili, siku ya tatu utakisukumia nyuma ya droo na kurudia kile cha zamani chenye kutu. Gumba alianza na vipande viwili vya mninga, akavipaka gundi, akavibana huku na huku kwenye mkia wa chuma, akatoboa na kupitisha misumari mitatu ya shaba. Gundi ikikauka ndipo kazi inapoanza. Makali yanafungwa kwa kadibodi na utepe, maana mtu mwenye akili timamu hachezi na bapa lililonolewa. Kisha mashine ya msasa, kisha tupa ya meno makubwa, kisha ile ndogo, kisha msasa wa mkono, kuanzia ule mkali mpaka ule laini unaokaribia karatasi ya kuandikia. Macho yanakufaa nusu ya safari. Baada ya hapo macho ni waongo. Mbao inang'aa, chuma kinang'aa, unaona kila kitu kimelala sawa, kumbe katikati pana ngazi nyembamba kuliko unywele, na mkono wa mtu anayekata nyama kutwa nzima utaikuta ngazi hiyo kabla ya saa sita mchana.

Gumba aliikuta kwa kupapasa mara moja. Kaka yake alikuwa akijitapa naye mbele ya wateja. "Huyu," alisema, "ukimpa shati lako alipapase, atakuambia jana ulikula nini."

Basi kidole hicho kilikufa.

Hakikukatwa wala hakikuungua, hakikuwa hata na kovu la kuonyesha watu. Kilianza kama ganzi ya asubuhi, ile ya mtu aliyelalia mkono, na Gumba akaukung'uta mkono akaendelea na kazi. Baadaye ncha za vidole zikawa zinapauka akishika mashine, akazipulizia pumzi na kuendelea na kazi. Kidole kidogo kilitangulia, cha pete kikafuata, vikaenda vyote kwa zamu, na gumba kikawa cha mwisho. Siku moja alifumba macho, akapapasa mpini aliotoka kuumaliza, akakuta laini. Akafurahi. Akachukua wa pili, laini. Wa tatu, laini. Akachukua wa nne, ambao ulikuwa umetoka kwenye tupa tu na haujaguswa na msasa, una mikwaruzo ya kukwangulia muhogo, nao ukawa laini. Hapo alifumbua macho akakaa kwenye kigoda.

Daktari wa zahanati alikuwa mama mmoja mfupi, na hakuwa mtu wa kuuma na kupuliza. Alimchoma kwa sindano kuanzia juu ya mkono akishuka, na kila mkono akauchorea mstari wa kalamu ya bluu pale Gumba alipoacha kusikia. Mistari yote miwili ilipita katikati ya kiganja.

"Mashine ya kazini umeishika miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Mtetemo wake umeua mishipa ya fahamu. Kuanzia hapa kwenda chini hakuna kitu."

"Nikipumzika itarudi lini?"

"Haitarudi, baba. Ukiacha mashine leo, mstari utabaki hapa hapa. Usipoacha, utapanda. Huo ndio uchaguzi ulio nao."

Gumba alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru. Akasimama kwenye bomba la nje, akaisugua mistari ile kwa kipande cha sabuni mpaka ikatoka yote, ndipo akarudi karakana. Kaka yake alipouliza alikokuwa, alisema alikwenda kupima macho.

Nisije nikaonekana namlaumu. Mtu mwingine angesema, sawa, nitatafuta shughuli nyingine, dunia ni pana. Lakini shughuli gani? Gumba hakuwahi kujua kingine. Kaka yake alikuwa na sauti, alikuwa na kifua, alikuwa na maneno ya kuwachekesha wateja. Yeye alikuwa na kidole. Kikiondoka hicho, hakuna aliyeweza kusema yule mtu aliyekaa pale kwenye kigoda alikuwa ni wa nini, na wa kwanza kushindwa kusema angekuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo alinyamaza. Akapaka, akabana, akatoboa, akasugua kwa kuhesabu mipapaso badala ya kusikia, akafumba macho mbele ya kaka yake, akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa anaigiza kazi yake mwenyewe.

Mkewe alimgundua kwa sufuria. Alikuwa fundi cherehani, cherehani yake imekaa dirishani sebuleni, na siku hiyo mchana alimwomba mumewe autoe wali motoni. Gumba alibeba sufuria kwa mikono mitupu, akatembea nayo taratibu kutoka jikoni, akaiweka juu ya meza na kuuliza sahani ziko wapi. Mwanamke alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Alipoigeuza mikono ya mumewe kuitazama, malengelenge yalikuwa yameshaanza kuinuka.

"Huumwi?"

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Ningekuwa naumwa si ningekwambia, mama?"

Alimwambia yote, wali ukapoa. Mkewe alilia kidogo, kisha akakasirika, kisha akafuta uso kwa upande wa kitambaa alichokuwa akikishona na kusema, "Kesho njoo hapa na kisu unachokitengeneza. Nipapase mimi."

"Wewe? Vidole vyako sindano imeshavifanya kama soli."

"Nani kakwambia napima kwa vidole? Kitambaa cha harusi nakipima kwa hapa." Akamwonyesha ndani ya kiwiko, pale ngozi ilipo nyembamba na mishipa inaonekana.

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku hiyo. Kila mchana Gumba alitoka karakana na kisu kimefungwa kwenye gazeti chini ya kwapa, kama mtu anayebeba samaki, akaingia ndani, na mkewe akasimamisha cherehani. Alifumba macho na kupitisha mpini ndani ya kiwiko chake, polepole, mbele na nyuma. "Hapa pana kitu. Kama uzi." Akachukua chaki ya kushonea na kuchora alama ndogo. "Na hapa. Na hapa pamebonyea, mume wangu, hata ng'ombe angepasikia." Gumba alirudi na kisu chenye madoa ya chaki, akayasugua mpaka yakafutika yote, kesho yake akakirudisha. Kisu kilichokuwa kikichukua siku mbili sasa kilichukua nne.

"Yaani nimeolewa miaka yote hii," mkewe alimtania, "kumbe nilikuwa naandaliwa kuwa kidole."

Gumba alicheka, na kicheko chenyewe kilimshtua, maana alikuwa amekisahau. Kwa majuma matatu alilala usingizi. Alianza hata kujiambia kwamba mambo yanaweza kwenda hivi hivi, mwaka na mwaka mwingine, mchana mmoja baada ya mchana mwingine. Mtu aliyefikwa na maji ya shingo huridhika na kidogo.

Lakini kulikuwa na visu vilivyotoka kabla ya chaki. Na kimoja kilirudi.

Mama Bucha alikuwa mteja wao tangu zama za baba. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye bucha yake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe. Kisu chake cha kutenganisha nyama na mfupa kilikuwa kimenolewa miaka kumi na mmoja mpaka kikabaki wembamba wa jani, ndipo wakamtengenezea kipya. Sasa alisimama mlangoni, kile kipya kiko mezani mbele yake, na kiganja chake kimefunuliwa. Chini ya kidole cha shahada palikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Nimeanza kukitumia juzi. Siku mbili," alisema. "Kile cha zamani miaka kumi na mmoja hakijanifanya hivi."

Kaka mtu aliutazama mkono, akautazama mpini, akacheka kicheko chake cha wateja. "Mama, usinivunje mbavu. Mpini wa ndugu yangu hautoi lengelenge. Labda mkono ndio umeanza kuzeeka."

"Mkono ni ule ule. Nenda ukaulize ng'ombe."

"Nakuapia, mama. Mimi nikikosea chuma, sema. Huyu bwana hajakosea mpini tangu azaliwe."

Gumba alikuwa kwenye jiliwa la kubania visu, amewapa kisogo, na alijua anatakiwa ageuke. Alijua maneno yenyewe, yalikuwa machache. Lakini kaka yake alikuwa akimtetea kwa kinywa kipana, kwa imani nzima, na kadiri alivyomtetea ndivyo maneno yale yalivyozidi kuwa mazito. Aligeuka akasema, "Kiache, mama. Nitakiwekea mpini mwingine. Jumamosi alasiri njoo uchukue."

Mama Bucha alikiacha. Kaka mtu alipobaki na ndugu yake alisema, "Watu wengine bwana, wana mikono ya mayai," akarudi kwenye moto wake akipiga mluzi.

Mpini ule Gumba aliutengeneza kama mtu anayeandika barua ya kuomba msamaha. Alichagua mninga wenye mistari iliyonyooka, akapiga msasa kwa mkono tu, hakuigusa mashine. Alhamisi mkewe alichora alama tano. Ijumaa alichora mbili, moja pale pale kinapokaa kidole cha shahada, akasema, "Hii ndogo sana. Kesho nitakuwa na uhakika." Jumamosi asubuhi Gumba alikuwa bado anaisugua ile ya mwisho, roho imetulia, anasubiri saa sita aende nyumbani, wakati kaka yake aliposimama nyuma yake.

"Hiyo chaki ni ya nini?"

"Ya kwangu. Najiwekea alama."

"Tangu lini wewe ukaweka alama?"

"Uzee, kaka."

Kaka mtu aliokota kipande cha chaki kilichosahaulika kwenye gazeti la kufungia kisu, chembamba, cha aina ya mafundi cherehani, akakigeuza geuza, akakirudisha mezani. Pengine angeuliza zaidi. Lakini mlango ulifunguka, na aliyeingia alikuwa Mama Bucha, saa nne asubuhi, na si alasiri kama walivyoagana.

"Alasiri nina harusi ya mpwa wangu," alisema. "Nipeni kisu changu niondoke."

"Bado kidogo, mama," Gumba alisema. "Nipe mpaka saa saba tu."

"Bado nini? Mbona kinang'aa? Hebu nishike." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshakinyakua kwenye jiliwa, akang'oa utepe na kadibodi kwa mkupuo mmoja ili ausikie uzito wake, akakata hewa mara mbili tatu. Uso wake ulilainika. "Aaa. Hapa sasa mmenikumbuka." Akakaza vidole, akakunja uso. "Ila hapa. Hapa kwenye kidole cha shahada, kuna kitu kidogo. Mpunguzie hapo, fundi, niko hapa nasubiri."

"Dakika moja hiyo," kaka mtu alisema kwa niaba ya ndugu yake. "Gumba, mpunguzie."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Alikipokea kisu. Mtu mwenye mikono mizima angekirudishia utepe, lakini utepe unachukua muda, mteja amesimama, kaka anatazama, na aliyezoea mabapa miaka ishirini na miwili kufunga utepe kwa ajili ya kazi ya dakika moja angeonekana kama anaogopa. Na hicho ndicho alichotaka kisionekane. Akakamata bapa kwa mkono wa kushoto juu ya kitambaa, mpini ukielekea kifuani kwake, akachukua msasa laini kwa mkono wa kulia na kuanza.

Alisugua pale alipodhani panatakiwa. Alihesabu mipapaso thelathini. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba, akasubiri kwa heshima muda ule ambao zamani alikuwa akisubiri. Hakukuwa na kitu, kama ilivyokuwa siku zote. "Tayari," alisema, akachovya kipande cha pamba kwenye mafuta na kuanza kuupaka mpini, kwa sababu mbao iliyopigwa msasa lazima inywe mafuta, na kwa sababu kupaka mafuta ni kitu alichoweza kukifanya bila kusikia.

Mafuta yaliingia vizuri. Mbao ikaanza kubadilika rangi, kwanza hudhurungi, kisha nyekundu, nyekundu nzito inayopendeza. Gumba alijisikia nafuu, akapata hata maneno.

"Unaona, mama? Huu mninga ni wa kiini. Ukiupa mafuta unatoa rangi yake yote."

"Inatoka kweli," Mama Bucha alisema.

"Mti huu ukiukata msituni unatoa utomvu mwekundu, mtu anaweza kudhani umeua mnyama. Hata ukishakauka, rangi imo tu." Akaendelea kupaka. Pamba ilikuwa imelowa. Alikuwa anatabasamu. Tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno mengi hivyo, na alikuwa anayasema vizuri, kwa sauti ya fundi anayeijua kazi yake. "Wengine wanapaka rangi ya dukani. Mimi sipaki. Hii ni ya mti wenyewe."

"Fundi."

"Ndiyo, mama."

"Rangi gani ya mti inayofika mpaka kwenye mkono wa shati?"

Gumba alitazama chini. Kitambaa alichoshikia bapa kilikuwa chekundu chote, kinadondosha. Makali yalikuwa yamepita kwenye kitambaa, yakapita kwenye vidole vyake vinne na kuzama humo, na kila alipousukuma mpini kuupaka mafuta alikuwa akiyazamisha zaidi. Aliviona vidole vyake vimekumbatia chuma. Alielewa ni vyake kwa sababu vilikuwa mwisho wa mkono wake.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomponza. Mtu akikatwa hupiga kelele, hutukana, huruka. Kama angepiga kelele ingekuwa ajali, na ajali hutokea kwa kila fundi. Yeye alikaa tu akatazama, akasema kwa adabu, "Samahani, mama. Nimekuchafulia mpini."

Mama Bucha ndiye aliyekitoa kisu mkononi mwake, kidole kwa kidole, na ndiye aliyefunga jeraha kwa ushungi wake mwenyewe, haraka, kwa mikono inayojua nyama. Kaka mtu alikuwa bado amesimama, amepigwa na butwaa, koleo mkononi.

"Mimi damu naijua," Mama Bucha alimwambia. "Huyu hakusikia. Amekata mpaka karibu na mfupa huku anaongea na mimi." Akaokota mkoba wake. Kisu alikiacha mezani, mpini umeelekezwa ukutani. "Nitapita siku nyingine," alisema kwa upole, na hakuwa mtu wa upole, kwa hiyo wote watatu walielewa kwamba hatapita.

Mlango ulipojifunga, kaka mtu aliutia komeo. Nje watu walikuwa wakipita, mtu anauza maji, redio inaimba dukani kwa jirani. Alivuta kigoda akakaa mbele ya ndugu yake, magoti yakagusana.

"Shemeji anajua?"

"Ndiye aliyekuwa akinipimia."

"Na ile chaki."

"Ya kwake."

Kaka mtu alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi mno. "Nilimwambia yule mama mkono wake umezeeka," alisema. "Nilimwapia. Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Mimi ni nani kwako? Hebu niambie. Mimi ni mpita njia?"

Gumba angeweza kusema aliogopa, lakini hilo kaka yake alikuwa analiona. Kaka mtu aliangaza karakana nzima kama mtu anayemtafutia mgeni mahali pa kulala. Alitazama moto, lakini chuma kilichotoka motoni kikishapoteza wekundu hujui kina moto au kimepoa mpaka kidole kikuonye. Alitazama jiwe la kunolea. Lakini ule ukingo mdogo unaobaki kwenye makali ni kwa kidole tu unaupata. Alitazama jiliwa, akaondoa macho haraka. Hapakuwa na kazi mle ndani isiyotaka vidole. Gumba alimfuata kwa macho kutoka kona hadi kona, na alikuwa ameshazipita kona hizo zote peke yake miezi mingi kabla.

"Utakaa mbele," kaka mtu alisema mwishowe. "Uzungumze na wateja."

"Mimi? Niwaambie nini?"

Kaka mtu aligeukia ule mkono uliofungwa ushungi. Akauliza, "Ni vidole vyote?"

"Vyote."

"Na mkono wa kulia?"

"Nimekwambia vyote, kaka. Daktari alinipima mikono yote miwili."

"Si inawezekana kimoja kimebaki? Daktari naye ni mtu. Pengine alikuwa na haraka, alipima upesi upesi." Alikuwa ameshasimama, anapekua juu ya meza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayebishana bei. "Fumba macho. Lete huo wa kulia. Fumba, nimesema."

Gumba alifumba macho na kunyoosha kiganja.

"Hiki nini?"

Alisikia uzito kidogo karibu na kifundo cha mkono. "Msumari."

"Ni kipande cha ngozi. Na hiki?"

Alisubiri. Akajaribu kusikiliza kwa masikio, akakisia. "Msasa."

"Mkali au laini?"

"Mkali."

Kaka mtu alinyamaza, na kwa ukimya ule Gumba akajua kwamba hata msasa haukuwa. Alisikia kitu kikirushwa juu ya meza. Alisikia kigoda kikivutwa karibu, na pumzi za kaka yake, nzito, zenye harufu ya mkaa. Hakutaka kufumbua macho. Alikuwa na tumaini la kijinga kwamba kitu kinachofuata atakipata, kimoja tu, hata kama ni kikubwa, hata kama ni nyundo, ili kaka yake apate cha kushika.

Alisubiri. Muda ukaenda. Redio ya jirani ilimaliza wimbo ikaanza mwingine.

"Weka basi, kaka," alisema.

"Nimeshaweka."

Alifumbua macho. Kaka yake alikuwa ameingiza vidole vyake vyote vitano katikati ya vidole vya Gumba, kama walivyokuwa wakishikana walipokuwa watoto wakivuka barabara, na alikuwa analia bila kujificha. Gumba aliutazama mkono ule. Vifundo vya kaka yake vilikuwa vimekazana, lakini hakuwa na namna ya kujua kama alikuwa anambana au amemshika tu.